Nani Alimwona? Mzazi Mwenye Shughuli na Hatua Ndogo za Familia katika Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Kila kikao cha malezi siku hizi, kiwe cha wazazi shuleni, cha jumuiya ndogondogo baada ya sala au cha maofisa ustawi wa jamii, huishia kwenye shitaka moja: wazazi wa leo hawana muda na watoto wao. Mtoto ameota jino, mama yuko gulioni. Mtoto amesimama dede, baba yuko Ngaka kwenye zamu ya makaa ya mawe. Mtoto ameandika jina lake kwa mara ya kwanza, na daftari limekaa mkobani hadi likajaa bila mtu mzima kulifungua. Shitaka husomwa kwa uchungu na hukumu hutolewa papo hapo: zamani wazazi walikaa na watoto, leo wanakimbizana na fedha. Ushahidi huo naukubali. Hukumu ndiyo ninayoipinga. Nitajaribu kuonyesha, kwa mifano ya Umatengo, yaani milima ya Mbinga, na ya mwambao wa Ziwa Nyasa, kwamba mzazi wa huku hajawahi kuwa na muda. Alichokuwa nacho ni watu walioona kwa niaba yake na kumletea habari jioni, na watu hao wameondoka mmoja mmoja, wengi wao kwa sababu njema kabisa, nafasi zao zikabaki wazi.

Tuanze mlimani. Kilimo cha ngoro, ambacho Wamatengo wamekiendesha kwa zaidi ya miaka 100 kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuipanda, ni kazi ya kuvunja mgongo. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba miraba. Hapo kazi yake imekaribia kwisha. Mwanamke ndiye huingia na jembe, akachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani, hadi katikati pabaki shimo na pande zote nne pawe matuta. Maharage hupandwa matutani mwezi Machi au karibu na hapo, na mahindi huyafuata katika msimu mwingine. Mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni badala ya kuuporomosha udongo hadi bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliuchunguza utaratibu huu katika miaka ya 1990 na kuusifu kwa kuhifadhi ardhi. Sifa hizo ni za haki, ingawa anayezisoma ofisini husahau upesi kwamba mashimo hayo, moja baada ya jingine, yalichimbwa na mtu mwenye mtoto mgongoni. Kisha maharage yakivunwa, kahawa nayo huwa imeiva. Kuchuma, kukoboa maganda, kuosha, kuanika, kuchambua mbovu na nzima, na kuipeleka chama cha msingi: familia humaliza nusu ya pili ya mwaka hivyo, na mvua za kwanza huwakuta bado wanahesabu magunia.

Teremka sasa hadi Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, kutoka kwenye baridi ya mikahawa hadi kwenye joto la ziwa lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kazi hubadilika lakini saa hazipungui. Usipa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwanga wa mbalamwezi huwatawanya samaki wasiikusanyikie taa. Kwa hiyo baba mvuvi hutoka watoto wakilala na hurudi wakiamka, naye hulala wakati wao wanacheza. Samaki wakifika pwani, mzigo ni wa mama. Usipa humwagwa na kutandazwa, hugeuzwa jua likipanda, hulindwa dhidi ya kunguru na kuku, na hukusanywa mbio mbio wingu likitanda, kwani wakilowa kabla ya kukauka huoza na mtaji umekwenda nao. Upepo wa mwera ukivuma, katikati ya mwaka, mitumbwi haitoki siku kadhaa, na hapo mtu anaweza kudhani familia imepata likizo. Kwa kweli ndipo mama huchukua jembe kwenda kwenye mihogo. Sioni, mlimani wala pwani, kizazi chochote cha wazazi kilichokaa barazani kikimtazama mtoto akijifunza kutembea.

Basi nani alimwona? Kwanza, dada yake. Msichana wa miaka minane au tisa alibeba mdogo wake kwa khanga tangu mama aliposhika jembe hadi aliporudi, na ndiye aliyejua jino limetoka upande gani, neno gani limetamkwa, na ni nani aliyemtisha mtoto hata akakataa kunyonya. Pili, bibi, ambaye mwili wake haukuweza tena shimo la ngoro lakini macho yake yaliweza kumfuata mjukuu uani. Tatu, na hili ndilo la pekee kwa Umatengo, palikuwa na sengu. Wanaume wa familia pana na watoto wao wa kiume walikula pamoja kwa babu; chakula kilitoka katika kila nyumba, na penye chakula palizungumzwa kila kitu: kazi ya kesho, mpaka uliosogezwa, kijana aliyepiga mtu, na pia mtoto aliyefuata ng'ombe peke yake kwa mara ya kwanza. Watafiti niliowataja waliieleza sengu kama mahali pa kula, pa kuamua na pa kufundisha kwa wakati mmoja. Ningeongeza kwamba ilikuwa pia mahali pa kutangaza. Hatua ndogo ya mtoto ilitoka mdomoni mwa aliyeiona, ikapita masikioni mwa watu kumi, na ilipomfikia baba ilikuwa imekwisha kuwa habari ya ukoo. Baba hakuwa na haja ya kuwapo.

Tazama sasa jinsi mashahidi hao walivyoondoka. Dada alikwenda shule. Mwaka 1977 Tanzania ilitangaza elimu ya msingi kwa wote, mwaka 2002 ada ya shule za msingi ikafutwa, na mwaka 2016 elimu bila malipo ikafika kidato cha nne. Msichana wa miaka minane asubuhi yuko darasani, na hapo ndipo mahali pake. Anayetaka arudishwe uani kubeba mtoto asinihesabu upande wake. Lakini hakuna aliyeuliza kazi aliyoiacha itafanywa na nani. Tuliihesabu kuwa si kazi kwa sababu ilifanywa na mtoto, na mtoto alipoondoka tukashangaa kuona pengo. Bibi naye aliachwa kwa uhaba wa ardhi. Mlima wa babu haukutosha wajukuu wote, hivyo vijana walihama kutafuta mashamba mapya kwenye nyika za Mbinga, kama walivyofanya waliojenga kijiji cha Kitanda, na wengine wakaenda Songea, Makambako na Dar es Salaam. Sengu ilikufa polepole kadiri kila nyumba ilivyopata kahawa yake, akaunti yake na meza yake. Hayo yote ni maendeleo, na mengi tuliyaomba wenyewe.

Kabla ya kuendelea, nijibu swali ambalo nalisikia hata lisipoulizwa: kwani kuna ubaya gani hatua isipoonwa? Mtoto si atatembea tu? Jibu linatoka kwa jirani zetu. Mwanasaikolojia Charles Super alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigi nchini Kenya, na mwaka 1976 akachapisha matokeo yaliyowasumbua waliokuwa wakiandika kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kwa damu yake. Watoto wa Kokwet walikaa, walisimama na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya watoto wa Kimarekani. Kutambaa hawakuwahi. Sababu ilikuwa wazi: wakubwa waliwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku, na kutambaa hakuna aliyekufundisha. Kumbe hatua ya mtoto ina mkono wa mtu ndani yake. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipopima watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, lilitoa mwaka 2006 vipimo vinavyoonyesha kwamba mtoto mwenye afya anaweza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na zaidi kidogo. Pengo ni kubwa, na ndiyo maana mtu anayemjua mtoto huyu, aliyemwona wiki iliyopita na wiki hii, anahitajika. Kalenda haiwezi kumwambia mama kama mtoto anachelewa au anajivuta tu. Aliyemwona jana ndiye anayejua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hutolewa na watu wenye njaa wakiwaangalia walioshiba. Wanasema: haya ya kusherehekea jino ni anasa za mjini, mzazi wa kijijini atafute chakula kwanza. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini takwimu za mkoa wao, Ruvuma, zinawapinga. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Ruvuma ilikuwa juu ya wastani huo, zaidi ya mtoto 1 kati ya 3, na Iringa, inayolisha miji, zaidi ya nusu. Hii ni mikoa ya mahindi. Mbinga ina maharage, Nyasa ina samaki, na gunia haliko mbali na nyumba yoyote. Ikiwa chakula kipo na mtoto amedumaa, basi tatizo, kwa sehemu kubwa, limelala kati ya ghala na mdomo wa mtoto: amelishwa mara ngapi mchana mama alipokuwa shimoni, uji wake uliwekwa nini, kuhara kwake kulionwa siku ya kwanza au ya nne. Fikiria kadi ya kliniki. Mtoto huning'inizwa kwenye mzani, hulia, muuguzi husoma kilo na kuweka nukta kwenye mchoro. Nukta moja haisemi kitu. Nukta ya mwezi huu ikiwa sawa na ya mwezi uliopita, mstari umelala, na muuguzi mzoefu huinua macho na kumuuliza mama kilichotokea. Mama aliyekuwa kwenye ngoro wiki tatu hana jibu, kwa sababu aliyeshinda na mtoto ni mwingine, na huyo mwingine hakuja kliniki. Kuona hatua ndogo na kuona njaa ndogo ni kazi ya macho yale yale.

Sasa niwape nafasi wanaonishuku kwamba nataka kufufua sengu. Wana haki ya kushuku. Sengu ya zamani ilikuwa ya wanaume. Wanawake walipika, wakala jikoni na wasichana, na uamuzi ukawafikia ukiwa umekwisha. Hatua za msichana zilitajwa pale, kama zilitajwa, alipokaribia kuolewa. Tena jicho la ukoo halikuwa jicho la upendo siku zote. Aliyemwona mtoto akitembea ndiye huyo huyo aliyemwona mama yake akizungumza na mtu gulioni. Kuonwa na watu kumi kuna gharama yake, na wengi walihama mlimani ili wasionwe. Hata hivyo Umatengo wenyewe umekwisha kutupa mfano wa kuchukua kinachofaa na kuacha kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Kindimba, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ya mto, na kamati ya kuisimamia wakaiita Kamati ya Sengu. Hawakurudisha babu wala chungu cha pamoja. Walirudisha tabia ya kukaa na kuzungumza mambo ya wote, na jambo lenyewe lilikuwa mashine iliyompunguzia mwanamke safari ya kwenda kusaga. Kama jina hilo liliweza kubeba kinu, sioni kwa nini lisibebe mtoto.

Vijana watanijibu kwamba simu imekwisha kuziba pengo. Bibi wa Lituhi anapokea picha ya mjukuu wa Dar es Salaam siku ile ile anapoota jino. Ni kweli, na bibi huyo hafundishwi na mtu yeyote furaha yake. Lakini simu husafirisha kilichokwisha kuonwa; kwa mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliye naye mchana, haina cha kusafirisha. Tena ina tabia nyingine inayonitia wasiwasi zaidi: hupenda hatua zinazopigika picha. Ndiyo maana tumeanza kuwa na mahafali ya chekechea yenye majoho ya kukodi, keki na michango, na Komunio ya Kwanza ambayo mzazi huiingia kwa deni kama anayeozesha. Mama mwenye genge, aliyekwisha kulipa sare na mchango wa chakula cha shule, huambiwa kwamba asipotoa cha mahafali mtoto wake atasimama pembeni. Hapo hatua ndogo imegeuzwa ankara. Ubatizo na Kipaimara vina uzito wake na havinihusu leo. Ninachosema ni kwamba siku moja ya majoho haiwezi kulipia miezi ambayo daftari halikufunguliwa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mwenye hatua ni mtoto peke yake. Mzazi naye ana zake, nazo ndizo zisizo na shahidi kabisa. Mama amemaliza mkopo wa kwanza wa kikundi. Baba, ambaye baba yake hakuwahi kumpakata mtoto, ameanza kumpeleka wake kliniki. Mwanamke wa miaka arobaini ameandika jina lake kwenye daftari la chama badala ya kuweka dole gumba. Nchi hii iliwahi kulijua jambo hilo vizuri kuliko tunavyolijua sasa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa miaka iliyofuata wakulima na wavuvi walikaa madarasani alasiri, jembe likiegemezwa mlangoni na mtoto akinyonya, wakafanya mitihani na kupewa vyeti kwa madaraja. Mwaka 1967 zaidi ya thuluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 Serikali iliripoti kwamba wasiojua walikuwa chini ya asilimia 10. Takwimu hizo zimebishaniwa, na kisomo cha wengi kilififia kwa kukosa cha kusoma. Lakini angalia kilichofanyika: Serikali ilimchukua mzazi mwenye shughuli nyingi kuliko wote, ikaona hatua yake ndogo, ikaiandika na kuisoma hadharani mbele ya jirani zake na watoto wake. Haikumwambia asubiri apate muda.

Je, sheria haitoshi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Baba anapata angalau siku 3. Mwalimu wa Mbinga mjini na muuguzi wa Liuli wanaifaidi, na siku 3 za baba ni aibu inayostahili mhadhara wake. Ila sheria ya ajira inahitaji mwajiri. Mwanamke wa ngoro hana wa kumwomba likizo isipokuwa mvua, na mwanika usipa hana wa kumpa saa mbili isipokuwa jua. Desemba 2021 taifa lilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inatambua kwamba afya, lishe, ulinzi na uchangamshi wa mtoto ni jambo moja, na inahimiza vituo vya kulelea watoto katika jamii. Naiunga mkono, kwa sharti moja. Kituo kisipomletea mama habari jioni, kitakuwa ghala la watoto. Mlezi wa kituo ashike daftari, kila mtoto ukurasa wake, na mama anapomchukua mwanawe na kumfunga mgongoni aambiwe sentensi mbili: leo alikula nini, na leo alifanya nini asichofanya jana. Na mlezi huyo alipwe, awe bibi au kijana, kwa maharage kama si kwa fedha, kwa sababu kosa letu la kwanza lilikuwa kuidhani kazi hii si kazi.

Watasema vituo vinahitaji fedha, na halmashauri haina. Kwa baadhi ya vijiji hilo ni kweli kwa sasa. Basi tuanze na kisichohitaji fedha. Siku ya kliniki ya mtoto katika zahanati nyingi hupangwa asubuhi, tarehe zile zile mwaka mzima, kana kwamba Machi ya ngoro na Agosti ya kahawa ni sawa, na kana kwamba usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi ni sawa kwa mvuvi. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi mingi imepumzika na baba yuko nyumbani. Kliniki ikiwekwa siku hizo pwani, na ikisogezwa hadi alasiri mlimani wakati wa kuchimba, mtoto ataletwa na wazazi wawili mara nyingi kuliko sasa, na dada aliyetoka shule naye atakuwapo kueleza alichokiona. Tarehe hizo hupangwa na watumishi wa zahanati pamoja na serikali ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu.